Kumpa Kazi Mtu Usiyemwona

Nawaamkia ninyi mnaosikiliza, na nawaamkia vilevile ninyi mtakaosoma maneno haya yakisha kupigwa chapa, huko Kirumba, Igoma, Magu, Sengerema, Nansio na popote penye kikundi cha kujisomea kando ya ziwa hili. Mwenye kalamu na aishike, maana leo yapo mambo ya kuandika.

Nimeulizwa swali na mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba. Miaka yote mama huyu ameuza dagaa kwa magunia, kwa wafanyabiashara wanaokuja na malori na kuwapeleka mbali, hata Kongo. Sasa ametaka kuuza dagaa waliosafishwa, madukani, katika mifuko midogo ya gramu 250. Mashine ya kufungia mifuko amekwisha nunua. Kilichobaki ni lebo ya kubandika juu ya mfuko, lebo ambayo mtu akiiona dukani atanyoosha mkono. Mpwa wake akamwambia ya kwamba siku hizi wachoraji wa lebo hupatikana katika masoko ya kazi ya mtandao, na kwamba mtu akiwa Mwanza aweza kumpa kazi mchoraji aliye Kisumu, au Dhaka, au Manila. Mama akaniuliza hivi: "Mwanangu, fedha hizi ndizo zilizobaki katika mtaji wangu. Nitampaje mtu ambaye sijapata kumwona uso, wala kwao sikujui?"

Swali hili ni la haki kabisa. Leo nitalijibu, na mfano wetu utakuwa lebo ya dagaa toka mwanzo hata mwisho, ingawa kazi yako wewe yaweza kuwa nyingine.

Kwanza tuondoe ugeni. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge walipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi 30 za siku za kazi. Kila siku iliyofanywa kazi ilitiwa alama, na nafasi zikijaa ndipo mtu akalipwa. Na neno hili kibarua, tunalolitumia kila siku bila kulifikiri, maana yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku ili akionyeshe apate ujira wake. Baadaye jina la cheti likawa jina la mtu mwenyewe. Basi kufanya kazi kwa kuandikiana hatukuanza jana. Katika soko la mtandao cheti kimekwenda kukaa ndani ya kompyuta, na mwenye kazi na mfanyakazi hawaonani. Hapo ndipo penye shida, na hapo ndipo tutakaposimama leo.

Masoko haya yametoka wapi? Wagiriki wawili waliokuwa marafiki, mmoja yuko Marekani na mwenzake yuko Ugiriki, walitaka kufanya kazi pamoja ingawa bahari ilikuwa kati yao. Wakatengeneza programu ya kumwezesha aliye mbali kufanya kazi na aliye karibu kuiona ikifanyika. Kutokana na hiyo, mwaka 2003 likaanzishwa soko lililoitwa oDesk. Mwishoni mwa 2013 soko hilo lilitangaza kuungana na jingine lililolitangulia, Elance, na tangu mwaka 2015 huitwa Upwork. Fiverr ilianzishwa Israel mwaka 2010, na jina lake limetokana na neno la Kiingereza la tano, kwa kuwa hapo mwanzo kila kazi iliuzwa dola 5. Hapa kwetu njia ilipanuka ilipofika Dar es Salaam, mwaka 2009, kebo ya SEACOM iliyolazwa chini ya bahari. Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya intaneti yalitegemea sana setilaiti, yakawa ghali na ya polepole, na kumpelekea mtu picha moja kubwa ilikuwa kazi ya kungoja.

Masoko hayafanani. Katika Upwork mwenye kazi hutangaza kazi yake, na wafanyakazi huja kuomba. Katika Fiverr mambo huwa zaidi kama sokoni kwetu: mfanyakazi amekwisha panga mafungu yake kama nyanya, kila fungu na bei yake, nawe wapita ukichagua. Lakini yote mawili yana jambo moja kubwa. Soko hushika fedha mpaka kazi itolewe.

Sharti nieleze hapa, maana watu wengi huchanganya. Ziko tovuti nyingine ambazo ni ubao wa matangazo tu. Jiji, kwa mfano, ambayo mwaka 2019 ilichukua biashara ya OLX katika Tanzania na nchi nyingine kadhaa za Afrika, ina matangazo ya mafundi wa kila namna. Ukiona tangazo wapiga simu, mnapatana, mnaonana. Ni jambo jema, na kwa kazi za mkono ndiyo njia. Lakini aliyebandika tangazo ubaoni hajadhaminiwa na ubao. Basi katika ubao wa matangazo usimtumie mtu fedha kabla hujamwona yeye na kazi yake. Katika soko la amana waweza kutoa fedha kwanza, kwa sababu haziendi kwake, huwekwa katikati. Jifunze kutofautisha mambo hayo mawili kabla ya kujifunza lolote jingine.

Tena si kila kazi yapita katika waya. Boti yako ikivuja, au mashine yake ikikataa kuwaka, mtu wa Manila hatakusaidia. Nenda mwaloni ukamtafute fundi ambaye boti zake unaziona zikielea. Kazi zinazopita katika waya ni zile ambazo matunda yake ni maandishi, picha, sauti au hesabu. Lebo ya mama yetu ni moja ya hizo. Nyingine ni kutafsiri barua, kupanga hesabu za duka, kutengeneza tovuti ya nyumba ya wageni, au kuandika kwa kompyuta daftari zilizoandikwa kwa mkono.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Mimi naamini ya kwamba hasara nyingi zinazowapata watu katika masoko haya haziletwi na wezi. Wezi wapo, na nitawataja. Lakini hasara iliyo kubwa huletwa na mwenye kazi mwenyewe, kwa kuwa hakusema anataka nini. Fundi wa mtaani hukusaidia bila wewe kujua. Ukimwambia seremala wa Mabatini, "Nitengenezee meza nzuri," yeye amekwisha ona nyumba za hapa, ajua milango yetu ina upana gani, ajua watu wa hapa hulia nini juu ya meza, na tena utapita karakana yake kila jioni ukisema, "Hapana, mguu huu mrefu." Mtu wa mbali hana hata kimoja katika hayo. Ana maneno yako tu. Usichokiandika, kwake hakipo.

Mama yetu alikuwa ameandika hivi, kwa msaada wa mpwa wake: "Nataka mchoraji mzuri wa lebo ya samaki. Iwe ya kuvutia. Haraka." Maneno kumi na moja tu. Nikamwuliza, samaki gani? Akacheka, akasema, "Dagaa, samaki gani tena?" Lakini mchoraji aliyezaliwa mbali na ziwa hili akisoma neno samaki, atachora samaki mnene mwenye mapezi makubwa, pengine na mawimbi ya bahari na ndimu pembeni. Hajapata kumwona dagaa wa Ziwa Victoria, samaki mwembamba, mweupe kama fedha, asiyezidi kidole. Na mnunuzi wa Mwanza akiona samaki mnene juu ya mfuko wa dagaa, atadhani anadanganywa.

Tukakaa pamoja, tukaandika upya. Nawasomea, nanyi mkitaka mwandike:

"Nahitaji mchoro wa lebo ya mfuko wa dagaa wakavu wa Ziwa Victoria. Mfuko ni wa gramu 250, una upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 22. Lebo iwe na upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 12. Maneno yote nitayaleta mimi, kwa Kiswahili, nawe usibadili hata herufi moja. Picha 4 za dagaa nitakuletea. Mchore huyo, usichore samaki mwingine. Rangi zisizidi 3, kwa sababu ya gharama ya kupiga chapa. Acha mahali peupe pa kuandikia tarehe. Mchoro wa kwanza nitaupokea baada ya siku 5. Nitakuwa na haki ya kuomba masahihisho mara 2. Kazi yote imalizike siku ya 12. Utanikabidhi faili la kupeleka kwa mpiga chapa, pamoja na faili la asili linaloweza kurekebishwa na mchoraji mwingine. Malipo ni dola 60, katika hatua 2. Ukiomba kazi hii, anza barua yako kwa kutaja jina wanaloitwa dagaa huko kwenu."

Angalieni sentensi ya mwisho. Siku hizi wako waombaji ambao hawasomi tangazo. Huweka barua moja iliyokwisha andikwa, au huipa mashine ya akili mnemba iwaandikie, kisha huipeleka kwa matangazo 50 kwa siku moja. Swali dogo kama hilo huwapunguza. Mkenya wa Kisumu ataandika "omena". Mganda wa Entebbe ataandika "mukene". Samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile, majina ni matatu. Na mtu wa mbali zaidi akijibu, "Kwetu hayuko, lakini nimetazama picha zake, naona anafanana na samaki fulani," huyo naye nampenda, maana amesoma na amejihangaisha.

Tena yako mambo ambayo mchoraji hawezi kukupa, hata awe hodari vipi. Tangu mwaka 2019 mambo ya usalama wa chakula yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Nenda ofisi yao ukaulize lebo ya chakula chako ionyeshe nini, maana jina la chakula, uzito wake, jina na anwani ya mtengenezaji, siku ya kutengenezwa na siku ya mwisho wa kutumika si mapambo. Kadhalika ile mistari myeusi isomwayo na mashine dukani. Mchoraji aweza kuchora mistari, lakini namba hutolewa na GS1 Tanzania, na namba zitolewazo hapa nchini huanza na 620. Mchoraji akikuambia, "Namba nitakupa mimi bure," mwambie asante, hapana. Pata kwanza maneno na namba, ndipo utafute mchoraji. Watu wengi hufanya kinyume, wakalipa mara mbili.

Masoko makubwa huendeshwa kwa Kiingereza. Kama Kiingereza chako si kingi, usione haya. Mwombe kijana aliyesoma, pengine mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe, akuandikie. Lakini akaunti iwe yako, na neno la siri liwe lako peke yako. Atakayeshika neno la siri ndiye atakayeshika fedha.

Barua zikifika, utachaguaje? Kila mfanyakazi ana ukurasa wake wenye nyota alizopewa na waliomtangulia kumpa kazi. Zitazame, lakini usizisujudie. Nyota 5 za mtu aliyefanya kazi 3 ndogo hazilingani na nyota 4 na nusu za mtu aliyefanya kazi 200. Mimi huanza kusoma malalamiko, kisha husoma jinsi mfanyakazi alivyoyajibu. Mtu aliyejibu lalamiko kwa upole na kwa maelezo ndiye ninayetaka kugombana naye, kama kugombana kutakuwako. Halafu tazama kazi zake za zamani. Wako wanaoweka kazi za wengine wakajisifu nazo. Dawa yake ni rahisi: chagua mchoro mmoja katika aliyoonyesha, umwulize, "Mchoro huu ulianzaje? Mwenye kazi alikataa nini kwanza?" Aliyeichora atakuwa na hadithi ndefu. Aliyeiba atakuwa na maneno mawili.

Wakikubaki wawili ambao huwezi kuwatofautisha, wape jaribio dogo, kila mmoja, nawe ulilipe. Narudia, ulilipe. Wako waajiri wanaowaambia watu 10, "Nionyesheni kwanza mchoro bure nione nani anafaa," kisha huondoka na mchoro mmoja bila kumlipa mtu. Huo ni wizi, hata kama mwizi ni sisi.

Sasa fedha. Wazee wa Usukuma watakumbuka habari za mizani. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilalamika sana ya kwamba mnunuzi ndiye mwenye mizani, naye ndiye anayeisoma. Mkulima hana la kusema. Wakajenga vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani, lenye makao yake hapa Mwanza. Shida waliyokuwa nayo ni ile ile ya mama yetu: pamba yangu imekwisha toka mkononi, au fedha yangu imekwisha toka mkononi, nani atasema haki ni ipi?

Amana ya soko la mtandao ni mizani iliyowekwa katikati. Katika Upwork, kazi ya bei moja hugawanywa kwa hatua, na kabla ya kila hatua kuanza mwenye kazi huweka fedha ya hatua hiyo katika amana. Mfanyakazi huona ya kwamba fedha ipo, akafanya kazi kwa moyo. Akikabidhi, mwenye kazi hutazama, na akiridhika hufungua amana. Mama yetu ataweka dola 20 kwa mchoro wa kwanza, na dola 40 kwa kumalizia. Mchoro wa kwanza ukiwa mbaya kabisa, amejifunza kwa dola 20, si kwa 60.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Mizani hiyo ina saa. Katika Upwork, mfanyakazi akiisha kukabidhi kazi na kuomba malipo, una siku 14 za kujibu. Ukinyamaza, fedha hufunguka zenyewe. Katika Fiverr ni siku 3 tu, kisha kazi huhesabiwa imekubaliwa. Mama akienda msibani Ukerewe kwa wiki moja, akarudi, atakuta mchoro umekwisha pokelewa kwa jina lake. Ukijua utasafiri, usianze hatua mpya.

Na mwenye mizani naye hula. Fiverr hukata mfanyakazi sehemu 1 katika 5 za bei. Ukilipa dola 60, mchoraji hupata 48, na wewe nawe huongezewa ada juu ya bei. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma masharti ya siku hiyo. Ninawaambieni habari hizi ili mtakapokuwa mnapunguza bei mjue mnampunguzia nani, na kwa sababu hapo ndipo mwizi anapoingilia.

Mwizi huja kwa sauti ya rafiki. Husema, "Kaka, soko hili linatula sote wawili. Nitumie moja kwa moja, nitakupunguzia." Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo. Nilikuwa nataka kijana anipangie kitabu cha masomo haya, naye alikuwa na nyota nyingi na maneno matamu. Nikamtumia shilingi 180,000 kwa simu, nje ya soko. Siku ya kwanza alinijibu. Siku ya pili alisema mama yake anaumwa. Siku ya tatu namba ilikuwa haipatikani. Nilipoliandikia soko, nilijibiwa kwa adabu ya kwamba hawaoni malipo yoyote katika vitabu vyao, nao walisema kweli. Nilikuwa mwalimu wa watu wazima, na nilikuwa nimefanya jambo ambalo ningemkemea mwanafunzi wangu.

Mambo mengine madogo nitayapitia upesi.

Saa. Nilimwandikia mtu mmoja wa Manila kwa Kiingereza ya kwamba tutazungumza saa 3 asubuhi, saa za Tanzania. Nilifikiri kwa Kiswahili, nikaandika kwa Kiingereza namba ile ile. Yeye akaelewa saa 3 ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa 9 ya usiku. Kwao, walio mbele yetu kwa saa 5, ilikuwa asubuhi nzuri, naye akakaa akiningoja, mimi nimelala fofofo. Tukaachana vizuri, lakini kosa lilikuwa langu. Andikeni saa kwa mtindo wa 09:00, na mtaje mji.

Sarafu. Masoko haya huhesabu kwa dola, na utalipa kwa kadi ya benki, au kwa kadi ya malipo iliyo ndani ya simu ambayo baadhi ya kampuni za simu hutoa. Lakini mkipatana Mtanzania kwa Mtanzania, hapa hapa, patana kwa shilingi; kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Kuhusu kodi ya kuzuia katika malipo ya huduma, mwenye biashara iliyoandikishwa na aulize ofisi ya TRA kabla ya kulipa, maana mfanyakazi aliye nchini na aliye nje hawahesabiwi sawa.

Siri za watu. Kama kazi yako ni kupanga orodha ya wateja, yenye majina na namba zao za simu, jua ya kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya mteja wako si mali yako ya kugawa. Ondoa majina, mpe mfanyakazi namba za kubuni, umalizie mwenyewe nyumbani.

Na haki ya mchoro. Andika katika mapatano ya kwamba baada ya kulipwa, mchoro ni wako kuutumia, kuubadili na kuupiga chapa. Faili la asili ni kama ufunguo wa nyumba. Mama akitaka kesho kuongeza mfuko wa gramu 500, bila faili hilo atarudi kumwomba mchoraji yule yule, na pengine hatampata.

Mtaniuliza, je, mama amchague mtu wa wapi? Mimi nilimpa shauri langu, naye yu huru kulikataa. Maneno ya lebo ni ya Kiswahili na samaki ni wa ziwa letu. Mchoraji aliyeko Mwanza, Dar es Salaam au Kisumu anamjua dagaa, anasoma Kiswahili, ataona mara moja kama mpiga chapa ameandika "gaada", na saa yake ni yetu. Katika masoko yale yale makubwa wako Watanzania na Wakenya wengi. Waweza kuchagua nchi unapotafuta. Kwa kazi nyingine, ya hesabu au ya tovuti, nchi si kitu. Mchukue aliye bora popote alipo. Lakini usimchague mwenzetu ili umlipe kidogo kwa kisingizio cha undugu.

Habari za mwisho nilizopata ni kwamba mama amepokea barua 17. Nne tu zilitaja jina la samaki. Moja imeandikwa "omena", na mwandishi wake ameongeza ya kwamba bibi yake huko Homa Bay alikuwa akiwaanika juu ya nyavu kuukuu, naye angependa nyavu hizo zionekane nyuma ya samaki katika mchoro. Mama amemwekea dola 20 katika amana. Ameanza kukagua simu yake kila asubuhi kabla ya kwenda mwaloni.

Kazi ya kikundi kwa juma hili ni hii. Kila mmoja achague kazi moja ndogo ya kweli ambayo angependa kuifanyiwa, aandike tangazo lake katika karatasi, lisizidi mistari 15. Kisha ampe mwenzake ambaye hakuambiwa lolote. Mwenzake alisome kwa sauti, aeleze anadhani ametakiwa kutengeneza nini, cha ukubwa gani, kwa siku ngapi, na atalipwa lini. Mwandishi akae kimya wakati huo, hata akisikia makosa. Mahali mwenzako atakapokosea, weka alama kwa kalamu nyekundu, uandike upya. Katibu wa kikundi achague matangazo mawili, lile lililoeleweka na lile lililokataa kueleweka, ayalete.

Juma lijalo, saa hii hii, tutageuza upande wa pili wa meza, tuzungumze juu ya mfanyakazi: jinsi ya kuandika ukurasa wake, jinsi ya kuweka bei, na jinsi ya kumkataa mwenye kazi asiyefaa. Kwaherini.